Baba Josepha, Wacha

Tangu siku ya kwanza Bernadeta hakuelewana na simu ya reli. Ilikuwa kisanduku cha mbao kilichopigiliwa ukutani katika ofisi ya stesheni ya Itobela, chenye mkono wa kuzungusha ubavuni, na mumewe Raymundi alikipangusa vumbi kila asubuhi kwa uangalifu ambao yeye Bernadeta aliupata siku ya harusi tu, na labda siku alipojifungua Josepha. Alimtania hivyo hata mbele za watu. Raymundi alicheka, akaendelea kupangusa, na kile kitambaa cha kupangusia hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Itobela kilikuwa kituo kidogo magharibi ya Tabora. Kilikuwa na tangi la maji, ghala, nyumba ya reli na mtu mmoja wa kushika bendera, kupokea mizigo, kufungua ghala na kusalimiana na gadi wa treni, naye ndiye huyo Raymundi. Palikuwa pia na Masele, kibarua wa kupampu maji, ambaye muda mwingi alikuwa amelala chini ya tangi lake. Kando ya reli ilipita njia ya zamani ya misafara ya Ujiji, na ingawa Mwingereza alikuwa na treni yake, miaka ile baada ya vita vya Hitla watu wengi bado walipita pale kwa miguu, mzigo kichwani. Bernadeta aliwapa maji. Bibi yake aliwapa maji wapagazi, mama yake akafuata, naye hakuona sababu ya kuacha.

Upande wa pili wa simu alikuwapo Hamoud. Huyu alikuwa karani wa simu katika stesheni ya Tabora, mtoto wa Mwarabu wa mjini, mkazi wa mtaa wa Cheyo, na kwa miaka yote hiyo Raymundi hakuwahi kumwona uso. Walijuana kwa sauti tu. Wakishamaliza habari za treni, wangeulizana habari za mvua, za watoto, za meno ya Hamoud yaliyokuwa yakimsumbua. Bernadeta akimtumia uyoga mkavu na asali kwa mkono wa gadi, Hamoud anajibu kwa halua iliyofungwa vizuri kwenye karatasi. Alimwita Bernadeta shemeji. Salamu zilikwenda na kurudi, lakini za kupelekewa, kwa kuwa Bernadeta hakuwahi kukishika kile chombo.

Tena Raymundi alikuwa na sheria zake. Simu ni mali ya serikali, alisema, na waya wa serikali hauongei Kinyamwezi. Ukiwa ofisini, sema Kiswahili. Halafu chunga mdomo wako, maana stesheni zote za njia ile zinaweza kuinua chombo na kusikiliza, na hata mtu akikohoa mlangoni Tabora wanasikia. Nyumbani wao wawili walisema Kinyamwezi kitupu, waligombana kwa Kinyamwezi na kupatana kwa Kinyamwezi. Bernadeta akivuka kizingiti cha ofisi kumletea mumewe uji, anageuka Mswahili ghafla, na Raymundi anamwitikia kwa Kiswahili kile kile, wote wawili wakijizuia kucheka.

Mkasa wenyewe ulitokea mchana, jua kali, Raymundi amekwenda mbali kidogo kukagua reli za kupishania treni. Bernadeta alikuwa jikoni, kibanda cha uani, akitwanga mtama. Akaja mtu kutoka njia ya Ujiji, kijana mwenye miguu iliyojaa vumbi, akapiga hodi kwa adabu na kuomba maji. Alipewa maji kwa kata, akanywa, akashukuru. Akauliza mwenye nyumba yuko wapi. Bernadeta, kwa ule wema wake usiokuwa na breki, akamwambia ukweli kwamba hayupo, yuko kwenye reli.

Hapo kijana akatoa kisu. Alitaka ufunguo wa ghala, ambamo magunia ya nta yalikuwa yakingoja treni, na aliona wazi kwamba ufunguo umefungwa kwenye pembe ya khanga. Bernadeta alirudi nyuma, akamwambia amwogope Mungu. Yule mtu akamrukia, akamkaba koo kwa mkono mmoja, kisu kikiwa kwenye mkono wa pili. Bernadeta hakupanga chochote. Mchi ulikuwa mkononi mwake tangu asubuhi, na mkono wake ulifanya ulichozoea, ukapanda na kushuka. Ulimpata yule mtu kati ya shingo na bega, akapepesuka, akaangukia ukingo wa kinu kwa kichwa. Kisu kikaingia kwenye mtama.

Alipiga ukelele. Masele alikuja mbio akiwa na usingizi usoni, na nyuma yake, akihema, Raymundi, ambaye mkewe hakuwahi kumwona akikimbia hata siku treni ilipotaka kumwacha. Raymundi hakumtazama mtu aliye chini. Alimshika Bernadeta mabega, akamgeuza, akamtazama koo lenye alama za vidole, akamgeuza tena. Alipojua kuwa mkewe ni mzima ndipo alipoinama kwa yule kijana. Damu ilikuwa nyingi kichwani, macho yamefumba, lakini alikuwa akipumua na kuguna.

Wakamwachia Masele amlinde, wakatoka uani. Hapo ndipo walipogombana, kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya chini. Raymundi alikuwa amekwisha amua: angesema kwamba yeye ndiye aliyepiga. Alimkumbuka mwanamke mmoja wa kijijini kwao aliyempiga mtu panga akijitetea, akachukuliwa na kuwekwa rumande msimu mzima wa kilimo, na alipokuja kusikilizwa na kuachiwa huru alirudi amekwisha, hata jina la mwanawe alilisahau. Raymundi alisema hatavumilia kuona hayo. Bernadeta alimjibu kwamba hata yeye hatavumilia kuona mumewe akifungwa kwa mchi asioujua hata unashikwaje. Raymundi akamwambia anyamaze. Hakuwahi kumwambia hivyo tangu wafunge ndoa, na kwa mshangao Bernadeta alinyamaza kweli, hadi walipofika ofisini.

Raymundi alizungusha mkono wa simu. Sauti ya Hamoud ikatoka kwenye chombo, nyembamba, kama mbu aliye ndani ya chupa, ikianza na utani wake wa kila siku. Raymundi akamkatiza. Alisema kuna mtu amekuja kuiba, ana kisu, na sasa yuko chini. Alisema waletwe polisi.

Kisha akavuta pumzi na kusema, "Nimempiga mimi, Hamoud. Mimi mwenyewe."

Bernadeta alikuwa amesimama kizingitini. Alipolisikia lile neno likitoka, na kuwaza kwamba limekwisha ingia kwenye waya na linakwenda Tabora na halitarudi, moyo ulimpasuka. Aliujua uongo ule umetengenezwa na nini. Ulitengenezwa na mapenzi matupu, na kwa hiyo ulimtia hasira zaidi. Akasema kwa sauti, tena kwa Kiswahili, kwa kuwa yuko ofisini na kwa kuwa alitaka na huyo wa Tabora asikie:

"Baba Josepha, wacha. Wacha."

Chombo kikanyamaza. Kilinyamaza muda mrefu hata Raymundi akadhani waya umekatika, akaita jina la Hamoud mara mbili. Sauti iliporudi ilikuwa imebadilika, imeshuka, na Bernadeta hakuweza tena kuyashika maneno. Alimwona mumewe tu akijibu kwa mikato. Ndiyo. Yuko jikoni. Amelala. Ndiyo, nimesema amelala. Kisha akaomba dresa wa kufunga vidonda aje haraka na dawa zake, akasikiliza, uso ukamkunjamana. Akasema sawa. Akakirudisha chombo mahali pake taratibu.

Bernadeta akamwuliza dresa anakuja lini. Raymundi akasema haji. Hamoud amesema hakuna haja ya kumsumbua dresa wa hospitali ya Kitete, kiberenge cha reli kitaleta polisi na ubao wa kubebea, basi. Tena amemwonya asiseme neno jingine lolote, kwa simu wala kwa mtu, mpaka apatikane wakili, na kwamba yeye Hamoud yuko pamoja naye kwa lolote. Raymundi aliyasema haya kwa mshangao, akiongeza kwamba anadhani rafiki yake alikuwa akilia.

Kutoka jikoni Masele aliita kwamba damu haikomi. Bernadeta alisimama pale kati ya milango miwili na kuliona jambo lote kwa mara moja. Kama dresa haji, yule kijana atafia kwenye mtama wake. Na akifa, Raymundi amekwisha kusema kwenye waya wa serikali kwamba amempiga yeye, na Mwingereza huwanyonga watu kwa jambo kama hilo. Mumewe alikuwa amesimama mbele yake na kitambaa chake mfukoni, anangoja kuja kuchukuliwa, na kwa mbali alionekana hata kuridhika.

"Nipishe," alimwambia.

"Mama Josepha, hujui hata kuishika."

"Mchi nilijuaje?"

Akauzungusha ule mkono kwa nguvu za mtu anayesaga nafaka. Hamoud akaitika. Bernadeta akajikuta hajui aanzie wapi, basi akaanzia mahali ambapo mtu wa heshima huanzia. Alimsalimu. Akamwuliza habari za nyumbani, habari za wazee, akamwuliza meno yake. Raymundi alishika kichwa. Sauti ya Tabora ikasema polepole, kwa huruma kubwa:

"Shemeji. Poleni sana kwa msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa huyo. Aliyekufa."

"Aliyekufa nani? Yuko jikoni anaguna. Damu inamtoka, na wewe umemkataza dresa asije. Kwa nini umetufanyia hivyo, shemeji?"

Hamoud akasema kwamba amelisikia kwa masikio yake. Amemsikia yeye Bernadeta nyuma ya mumewe akimwambia, Baba Josepha, wacha, wacha. Na Hamoud alisema neno lile kwa matamshi ya Kinyamwezi safi, kwa kuwa mama yake, Bi Sikuzani, ni Mnyamwezi, na alinyonya Kinyamwezi kabla ya Kiarabu. Kwa Kinyamwezi "wacha" maana yake amekufa. Ndivyo watu wa Unyamwezi wanavyopeana habari ya kifo, kwa neno hilo moja. Na mwanamke aliyepatwa na hofu nyumbani kwake, Hamoud aliuliza, atasema lugha gani kama si ya nyumbani kwake?

Bernadeta alikaa kwenye kigoda cha mumewe.

"Mimi nilikuwa nasema Kiswahili, shemeji," alisema. "Nilikuwa namwambia aache. Aache uongo. Waya huu si hautaki Kinyamwezi?"

Alisikia kitu kikianguka kule Tabora, kiti pengine, kisha Hamoud akipiga kelele dirishani, akimwita mtu aitwaye Sylvester asikitoe kiberenge, asubiri, akamchukue Anton dresa na sanduku lake lote, mtu ni mzima, alhamdulillahi, mtu ni mzima. Akarudi kwenye chombo akihema na kucheka na kulia, vyote pamoja. Akasema, usiikate, shemeji. Nipo hapa. Sitaondoka mpaka wafike.

Na hakuondoka. Alimwuliza kama damu inaruka au inachuruzika, Bernadeta akamtuma Raymundi akaangalie. Raymundi akaenda mbio jikoni, akarudi mbio, inachuruzika. Hamoud akasema wakunje kitambaa safi, wakikandamize pale palipopasuka na wasikifungue kila mara kuchungulia. Raymundi akaenda tena. Hamoud akataka kujua kama mtu anaitika akiulizwa jina. Raymundi akarudi na jawabu kwamba anaitwa Eustace na anaomba maji, na Hamoud akasema wamlowanishe midomo tu, wasimnyweshe. Mtu aliyeilinda simu ile miaka yote sasa alikuwa tarishi wake, anakimbia na jasho, na kila alipofika mlangoni alimtazama mkewe aliyeketi kwenye kigoda na chombo sikioni kama vile ndiyo kwanza anamwona. Bernadeta aliupenda mtazamo ule, hata katika shida ile.

Mwishoni Hamoud akamwuliza, kwa sauti ya kazi sasa, nani hasa aliyepiga. Akamkumbusha kwamba stesheni zote zinasikiliza.

"Wasikilize," alisema Bernadeta. "Ni mimi, Bernadeta, mke wa Raymundi. Alinikaba koo, ana kisu. Mimi nilikuwa na mchi. Nilimpiga mara moja na nilikuwa naogopa."

"Na mumeo?"

"Alikuwa kwenye reli. Ni mwongo, lakini ni wangu, umsamehe kwa ajili yangu."

Kiberenge kilifika kabla jua halijashuka. Anton dresa alimshona Eustace kichwa pale pale uani na kumpeleka Kitete, akapona, akahukumiwa. Ofisa wa polisi aliona alama kooni, akakitoa kisu kwenye mtama, akaandika, na Bernadeta hakulala hata usiku mmoja nje ya nyumba yake. Kuhusu lile lililosemwa na Raymundi mwanzoni, Hamoud aliulizwa, akajibu kwamba waya siku ile ulikuwa mbovu sana na hakusikia vizuri. Hakuna stesheni iliyompinga, ingawa kutoka Tabora hadi Kigoma wote walikuwa wamesikia, na kwa miezi mingi magadi wakifika Itobela waliuliza kwa heshima kama mchi haujambo.

Tangu hapo neno lile lilikuwa lao. Bernadeta alizoea kuongea na Hamoud kila Jumapili baada ya sala, na akimgombeza mumewe karibu na chombo, Raymundi ameongeza chumvi katika hadithi fulani, utasikia, Baba Josepha, wacha, na kule Tabora Hamoud anauliza mara moja, Kiswahili au Kinyamwezi, shemeji? Wanacheka wote watatu. Hawakuchoka nalo. Mgeni aliyekuwapo angeshangaa kuona watu wazima wakilichekea neno dogo kiasi kile, lakini wao walijua ni kitu gani kilichokaribia kupotea siku ile.

Ikaja asubuhi moja, katika miaka ya mwisho ya Mwingereza. Bernadeta alipeleka uji ofisini kama kawaida. Raymundi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, ameegemea ukuta chini ya simu, kitambaa mkononi. Alimwita kwa Kiswahili kizingitini. Akamwita kwa Kinyamwezi. Akaweka bakuli chini, akamgusa shavu.

Alizungusha mkono wa simu. Hakuanza na salamu, mara hii hakuweza.

"Baba Josepha wacha," alisema.

Hamoud alicheka. Alicheka kicheko chake kile cha Jumapili na kuuliza amefanya nini tena mzee huyu. Bernadeta alikuwa akikitazama kile kitambaa mkononi mwa mumewe. Kicheko kikapungua taratibu. Alimsikia Hamoud akivuta kiti, akikaa.

"Shemeji," alisema. "Hicho ni Kiswahili?"

Aliuliza kama mtu anayeomba, na Bernadeta angetoa kila alichokuwa nacho duniani ili aweze kumwambia ndiyo.

"Hapana, shemeji. Cha nyumbani."

Hamoud alisema innalillahi, kwa sauti ambayo haikuwa ya kazi. Kisha akasema atakuja yeye mwenyewe na kiberenge, leo atamwona Raymundi uso, lakini kwanza anatafuta mtu wa kushika simu pale Tabora, na mpaka mtu huyo apatikane Bernadeta asiikate. Nipo hapa, alisema. Bernadeta akasema hataikata. Alikitoa kile kitambaa polepole kwenye vidole vya mumewe, na huku chombo kikiwa sikioni na pumzi za Hamoud zikisikika kutoka Tabora, akaanza kupangusa vumbi.